Maestro, Ule Ukuta wa Jeddah

Maestro,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara zote nimeichana, kwa sababu kila nikiandika "hujambo" najiona mjinga. Hujambo wa nini, na mwili wako uliondoka msikitini nikiuona kwa macho yangu? Basi hujambo naiacha. Nakuandikia kwa sababu nimekusema. Jana, ofisini kwa bosi kule Sulimaniyah, nimetoa siri yako, na mimi sipendi mtu asemwe bila kuambiwa, hata kama amekufa.

Najua ungetaka niende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe. Siwezi. "Wafula, wewe una roho ya polisi," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia, na polisi huanza mwanzo. Nisikilize.

Miezi mitano sasa. Kitanda chako pale chumbani kwetu Shumaisi, hapa Riyadh, amekipata dereva mmoja wa Kisii, mtu mzuri, ila ananung'unika usingizini na bado sijajua anamnung'unikia nani. Sufuria yako ya chai ninayo mimi. Mikeka yako miwili niliikuta imehamia chumba cha pili, na nilipouliza wakasema uliwagawia mwenyewe. Nimewaacha nayo, lakini sijaamini.

Hata wewe sikukuamini, hilo unalijua. Tangu siku ya kwanza, bosi aliponileta kwako akasema nikuchanganyie chokaa, nilikutazama nikajiambia huyu mzee kuna jambo analificha. Ulikuwa Mswahili wa Malindi, unaongea taratibu, unaniita "baba" kama mtoto wa nyumbani, na mimi kwetu Kakamega mtu akikusifu kabla hajakujua, unashika mfuko. Bosi alikuwa akiwaambia wateja kwamba umesomea kazi Italia. Nilikuuliza siku moja Italia kukoje. Ukacheka hadi ukakohoa. "Mimi ni Mtaliano wa Malindi," ukasema. "Hata ndege ya kwanza kuipanda ndiyo iliyonileta Riyadh."

Jina hili la Maestro nalo nilikuwa na shaka nalo, kwa kuwa kwenye ikama, kibali chako cha kukaa, uliandikwa Athmani. Ulisema ulipewa na Mtaliano aliyejenga nyumba za wageni Malindi, aliyekufundisha kuchanganya chokaa na unga wa marumaru wakati mafundi wenzako bado wanapiga neru ya chokaa tupu kama babu zao. Kwa Wataliano, ukasema, maestro ni mwalimu wa shule, ni mwenye kuongoza wapiga muziki, na ni fundi ambaye akisema bomoa, watu wanabomoa bila kuuliza. Neno hilo ukawa unalipima kwa kila Mzungu tuliyemkuta saiti. Mhispania wa marumaru akakubali, kwao pia ni maestro. Mreno akasema mestre. Yule Mfaransa mwenye kofia akatamka la kwao, likatokea puani, lakini lilikuwa lile lile. Ulirudi chumbani umefurahi kama mtu aliyekutana na binamu zake mjini. Chimbuko lake ni Kilatini, ukanieleza, alivyokwambia Mtaliano wako, na maana ya ndani ni "zaidi". Maestro ni mwenye zaidi.

Nikakuuliza, zaidi ya nani?

Ulinipa ndoo nikaoshe.

Na kilichonikera kuliko vyote ni turubai. Miaka mitatu nimekuchanganyia chokaa. Nimekuchujia, nimekubebea, tabaka la kwanza umenifundisha, la pili umenifundisha, lakini ikifika siku ya kung'arisha, ile siku ukuta unageuka kutoka plasta hadi kioo, unatundika turubai mlangoni na kusema, "Haya, baba, nenda kanywe chai." Mimi na chai! Nilikuwa nakaa nje nikihesabu sauti za mwiko. Zamani ulikuwa unamaliza ukuta kwa nusu siku. Mwaka wako wa mwisho ukawa unakaa mle ndani siku mbili, tatu, na mwiko nilikuwa nausikia ukianguka. Nikasema, ameanza kutia kitu kipya, ndiyo maana anachelewa. Ukitoka naingia nanusa ndoo. Nilinusa matambara. Siku moja nililamba, Maestro, nilikuwa sijakwambia. Sabuni na chokaa tu, na ulimi ulinichubuka siku nne.

Fundi hafundishi yote, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikakuwekea kinyongo na bado nikawa nakupikia ugali.

Halafu ukaenda Jeddah peke yako. Nilimwomba bosi twende wote, wewe ukamwambia hapana, kazi ni ndogo. Miezi miwili ulikaa kwa yule madam mjane, kwenye sebule yake kubwa, na uliporudi bosi alikuwa na picha ya ukuta kwenye simu yake kama mtu mwenye picha ya mtoto mchanga. Kila mteja lazima aione. "Maestro," anasema, anagusa kioo cha simu, "hii ndiyo kazi ya maestro." Mweupe wenye kijivu kwa mbali, hauna alama ya mwiko hata moja. Nami niliutazama nikasema moyoni, sasa huko aliutia nini?

Baada ya wiki chache ukaanguka msikitini Ijumaa, na alasiri ile ile ukazikwa. Mimi Mkristo nilisimama pembeni na viatu vyangu mkononi, sijui hata kwa nini nilivivua.

Sasa sikia yaliyofuata.

Madam wa Jeddah akataka sebule ya wanawake ifanane na ile ya kwanza. Bosi akaniita. Akasema kwa ule mchanganyiko wake wa Kiarabu na Kiswahili, "Ukuta mzuri, wewe maestro, ikama tunabadilisha cheo, vijana wote chini yako. Ukuta mafi mzuri, halas, basi, unarudi kwenye ndoo." Akanipa wiki tatu. Nilipanda basi la Jeddah pale Batha na mwiko wako umefungwa kwenye fulana, na njia nzima sikuuweka chini, kwa sababu abiria wa pembeni alikuwa ananitazama sana.

Ile nyumba unaijua. Mlango unaachwa wazi muda wote, amri ya madam, na mfanyakazi wa ndani ni mmoja, Mwende, mama wa Kitui, mwembamba, kitambaa kichwani na ufagio mkononi kama amezaliwa nao. Alinisalimu, akauliza kama mimi ndiye Wafula. Nikauliza nani amekwambia jina langu. "Maestro," akasema. Nikaandika hilo kichwani: Maestro alikuwa anaongea na msichana wa nyumba. Anaongea naye nini?

Tabaka la kwanza likakaa. La pili likakaa. Siku ya kung'arisha nikatundika turubai kama wewe, nikaanza kama tunavyoanza Riyadh, mbio, kabla plasta haijakauka ikakukimbia. Sikufikiria kwamba hewa ya Jeddah unaweza kuikamua kama nguo. Plasta ilikuwa bado mbichi ndani. Chuma cha mwiko kikaiunguza, michirizi myeusi ikatokea toka dari hadi sakafu, na kadiri nilivyosugua ndivyo ilivyozidi. Nilikaa chini nikashika kichwa.

Nikasikia nyuma yangu, "Umeharakisha, kaka."

Alikuwa ameshapita turubai. Anapangusa kidirisha, hata hanitazami. Nikamuuliza amejuaje. "Hapa unangoja mpaka ukiweka shavu usisikie baridi," akasema. "Maestro ndio alisema hivyo."

Maestro, nitakuambia nilichofikiria, na utanisamehe au utaniacha. Nilifikiri alikuwa mpenzi wako. Nilifikiri mimi miaka mitatu nimefukuzwa nje ya turubai, na huyu amepewa siri kitandani. Nikamuuliza hivyo hivyo, bila haya, na mlango u wazi. Alisimama akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa.

"Kaka, mimi nilikuwa napangusa vumbi."

Akaeleza akiwa anaendelea kufanya kazi, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kwamba ulipotundika turubai ulimfukuza kila mtu: fundi wa umeme, dereva, hata madam mwenyewe ulimwambia kwa heshima asubiri. Yeye hukumfukuza. Alikuwa anaingia na ndoo yake ya kudekia na wewe unaendelea, kwa sababu mtu wa ndani hahesabiwi. Siku ya kwanza ukaangusha mwiko. Akauokota. Ukauangusha tena. Mara ya tatu akauokota, akakuona mkono. "Wa kulia ulikuwa unamtetemeka mpaka kwa bega," akasema. "Alikuwa analia, kaka. Mzee mzima."

Na wewe ukamwambia, "Basi shika wewe, mama."

Ukageuza ndoo ukakaa juu yake, ukasema naye kwa wiki tano. Usisukume. Mwache mwiko utembee. Fanya kama unampaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Yeye ana watoto watatu Kitui, hajawapaka mafuta miaka minne. Alikuelewa mara moja.

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia kila mtu anaweza kusema chochote juu ya maiti. Nilimpa mwiko wako, nikamwonyesha kipande nyuma ya mlango ambapo plasta ilikuwa imeshaiva, nikasimama na mikono kiunoni kama hakimu. Akaufuta kwa upindo wa kitambaa chake, mara mbili, upande huu na upande huu, akainamisha kifundo cha mkono, akaanza juu kushoto. Zaidi yako hakuna mtu mwingine duniani anayeanza juu kushoto kwa kuinamisha kifundo vile. Nilikuwa nikikuona ukifanya hivyo tabaka la pili, nikiwa na ndoo kichwani, miaka mitatu. Kile kipande kikafumbua macho taratibu, kikaniona.

Nililia, basi. Kwa hasira kwanza.

Kwa sababu yote yalikuwa mbele yangu. Mwaka mzima ulikuwa unaniomba nikufungulie kufuli, ukisema macho hayaoni. Kikombe ulitaka nikijaze nusu, nikasema mzee bahili wa sukari. Mkono wa kulia uko mfukoni hata kwenye joto la Julai, nikasema majivuno haya, anatembea kama waziri. Mwiko unaanguka nyuma ya turubai na mimi niko nje nanusa matambara. Polisi mzima nikakosa ushahidi uliokaa mezani tukila nao.

Ungeniambia, Maestro. Ningekushikia. Hilo nimelirudia kila siku tangu wakati ule, huku najua kwa nini hukuniambia. Ungeanza kusema "mkono wangu" na mimi ningekuwa nimeshauliza, "Tangu lini? Bosi anajua? Na mimi itakuwaje?" Ulimchagua mtu ambaye angeuokota mwiko bila kuuliza. Inaniuma. Naiandika hivyo hivyo, inaniuma.

Tulikwangua ukuta wote na kuanza upya. Mimi nilichanganya, yeye aling'arisha, zile saa za mchana madam anapokwenda kwa mama yake, na akirudi anamkuta Mwende ana ufagio na mimi nina mwiko. Siku kumi na moja. Wala sikumwona akifurahi, isipokuwa mara moja alipoweka shavu ukutani akangoja, akasema peke yake, "Sasa."

Bosi akaja kwa ndege. Akavua viatu, akatembea ukuta mzima kiganja kikiwa juu yake. Akageuka akanishika bega mbele ya madam. "Halas. Wewe sasa maestro."

Nikasema shukran.

Ndilo neno nililosema. Mwende alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Hakunikunjia uso, hakunitazama hata kidogo. Alilishika beseni vizuri akaenda zake kuanika. Hakushangaa, Maestro, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Kama angenitukana ningepata la kujibu.

Nilirudi Riyadh na cheo. Vijana walinipigia makofi pale Shumaisi, yule wa Kisii akaninunulia soda. Bosi amepata kasri la watu, kuta saba, na ananitaka niongoze. Wiki nzima nikajichunguza, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuchunguza. Nilijiuliza: nikisema ukweli, ni kwa ajili ya Mwende, au ni kwa kuwa naogopa kuumbuka kwenye ukuta wa kwanza wa lile kasri? Sijapata jibu safi. Nadhani ni yote mawili, na sitaki unidhanie mwema kuliko nilivyo.

Kwanza nilimuuliza Mwende mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Nikamwambia nikitaja jina lake madam anaweza kukasirika, anaweza hata kumrudisha nyumbani kabla ya wakati. Alijibu alasiri ya pili, maji yanasikika yakimwagika nyuma yake. "Mkataba unaisha baada ya Ramadhani. Nataka bosi wako akuwe kafili wangu, anidhamini yeye. Niandikwe fundi, si khadama wa kufagia. Sema, kaka. Lakini ukisema usiseme nusu."

Nusu ilikuwa ndiyo tamaa yangu, sikufichi. Ningeweza kusema ukuta wa pili ni wake, wa kwanza ni wako. Picha ile ingebaki yako, jina lako lingebaki zima, na mimi ningetoka nikijiita mkweli. Lakini ule wa kwanza ndio wenye sifa. Ule ndio utakaomtoa kwenye ufagio. Ili nimpe yeye wake ilibidi nikuvue wewe mbele ya mtu aliyekuwa anakuheshimu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo hakikukuumbua, Maestro. Kilikusitiri vizuri sana. Nimekuumbua mimi.

Jana, basi. Bosi alicheka kwanza. "Khadama?" akasema, "khadama?" Nikamweleza mkono, mwiko, ndoo uliyokalia. Akaacha kucheka. Akatoa simu, akaifungua ile picha, akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, sijui alikuwa anatafuta nini. Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa: basi Athmani hakuwa maestro? Miaka yote hii nilikuwa nawaambia watu uongo?

Unajua mimi si msemaji. Nilimwambia: sisi wengine mkono ukitusumbua tunaacha ukuta nusu. Huyu mkono ulikufa, na ukuta ukaisha. Nikamwambia, kama huyo si maestro basi mimi simjui maestro, na hicho cheo ulichonipa kirudishe.

Hajasema ndiyo, hajasema mafi. Alisema atampigia madam. Mimi kanirudisha kwenye kuchanganya hadi aamue, na vijana wameona, na soda hakuna. Mwende anangoja Jeddah. Leo asubuhi nimemtumia ujumbe kumweleza yote, akanijibu neno moja tu, "Sawa," na nimelisoma mara nyingi nikitafuta kama lina kingine ndani yake.

Nisamehe, mzee wangu. Ukishindwa kunisamehe, nielewe. Nilikupenda huku nimekukodolea macho miaka mitatu, na sikuona kitu. Kama bosi atakubali, nitakwenda kumchukua Mwende mwenyewe, na kwenye zile kuta saba atakaa mbele na mimi nitakaa chini yake, nitamchujia chokaa vizuri kuliko nilivyokuchujia wewe. Kama bosi atakataa, nitamtafutia kafili mwingine, na nitamtafuta hadi miguu iishe. Hiyo ni ahadi.

Na ahadi ya pili, ambayo ni ngumu zaidi: akiwa kazini sitamchunguza. Nitajaribu, Maestro. Unanijua.

Pumzika.

Wafula